Dari linalowa na mvua haijanyesha: maji yanatoka wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Tabata. Mwishoni mwa mwaka jana tulifunga AC chumbani. Tangu Februari dari la jipsamu limeota doa la rangi ya chai, refu kama mkono, hatua mbili hivi kutoka ilipo AC. Usiku linalowa mpaka linadondosha, mchana linakauka. Mvua haijanyesha. Mwenye nyumba amebadilisha mabati mawili, doa liko palepale. Fundi aliyetufungia AC akasema gesi imepungua, akajaza, nikalipa, bado. Kitu kimoja tu nimekiona: umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi dari ni kavu. Na friji nayo siku hizi mlango wake unatoa jasho hadi sakafu inalowa. Jirani ameanza kusema nyumba hii ina mambo yake. Maji haya yanatoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa gharama.

Nyumba haina mambo yake. Mabati ya mwenye nyumba nayo, kwa maelezo yako, hayakuwa na kosa. Maji hayo yanatoka hewani, hewa hiyohiyo mnayovuta mkiwa mmelala, na yanadondoka kwa sababu juu ya jipsamu kuna kitu cha baridi ambacho hakikuvishwa nguo. Hilo la umeme kukatika umelitaja kama kwa kupitia tu, kumbe ndilo lenye jibu. Mvua haina habari na LUKU. Umeme ukikatika, kinachokoma ni ubaridi.

Nitaeleza kwa urefu, maana kila kaskazi ikianza kuvuma napigiwa simu za namna hii, na wengi wanaopiga wameshalipa mafundi wawili watatu kabla yangu.

Tuanze na hewa. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo unatuletea hewa iliyopita juu ya bahari ya vuguvugu, na haiji mikono mitupu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 3, jioni yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Hewa iliyomo humo imebeba mvuke ambao ukiugeuza maji unajaza chupa ya lita moja na mengine yanabaki. Huuoni, lakini ngozi inaujua: ndiyo maana shati linakugandia mgongoni hata ukiwa umekaa tu kivulini.

Mvuke huo hautulii. Kwenye uso wowote wenye unyevu kuna chembe za maji zinazoondoka kuingia hewani na nyingine zinazorudi kutua, muda wote, kama pantoni la Kigamboni: wapo wanaopanda, wapo wanaoshuka. Uso ukiwa na joto, wanaoondoka ni wengi na pale panakauka. Uso ukipoa, wanaoondoka wanapungua, ila wanaofika wanaendelea kufika vilevile, basi gati linajaa. Kujaa huko ndiyo matone. (Shuleni wengi tulifundishwa kwamba hewa ni kama sponji inayokamuliwa ikipoa. Mfano unasaidia kukumbuka, ila unampa mtu picha ya hewa yenye vyumba vya kuhifadhia maji, na hewa haina vyumba.)

Joto ambalo chini yake wanaofika huanza kuwazidi wanaoondoka huitwa kiwango cha umande. Kwa hewa ile ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kiwango hicho ni karibu nyuzi 26. Isome tena namba hiyo. Nyuzi 26 si baridi. Kuna watu AC ikiwekwa 26 wanalalamika kwamba haipozi. Lakini kwa habari za maji, hapa Dar mwezi wa pili na wa tatu, baridi inaanzia hapo. Kitu hakihitaji kuwa barafu ili kilowe. Kikiwa na nyuzi 24 kinatosha.

Mwangalie muuza chips jioni, jiko limepamba moto. Mtungi wake wa gesi unatoa jasho nusu ya chini, nusu ya juu mkavu. Gesi iliyo katika hali ya maji mle ndani inachemka ili kulisha jiko, kuchemka kunanyonya joto la chuma, na chuma kinapoa hadi chini ya kiwango cha umande pale tu kinapogusana na gesi hiyo. Mstari wa jasho ndio usawa wa gesi iliyobaki. Hakuna barafu pale, ni chuma kilichopoa kidogo tu, na hewa ya Dar imemaliza kazi. Bomba la AC yako hilohilo lingepita darini Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, pengine usingeona doa lolote. Fundi aliyezoea kufunga bara anaweza kuja pwani na kazi yake ileile ikamwaibisha.

Najua wapo wasioamini kwamba maji mengi kiasi hicho yanaweza kutoka hewani. Wanasema chupa ya soda inavuja jasho, friji inavuja, bomba linavuja. Basi nenda kwa Mangi, nunua chupa ya maji ya nusu lita iliyoganda, ifute kabisa, mfuniko umekazwa, iweke kwenye mizani ya dijitali. Kaa nayo nusu saa. Gramu zinapanda. Kitu kinachovuja hakiongezeki uzito. Ukitaka kinyume chake, uweke pale mtungi wa udongo wenye maji ya kunywa, mtungi wa kweli wa bibi. Huo nao una unyevu kwa nje, lakini maji yake yanapenya kutoka ndani na kukauka nje, na kukauka ndiko kunakoyapoza, kwa hiyo uzito unashuka. Nyuso mbili zimelowa, ukizigusa huoni tofauti, na kila moja imepata maji upande wake.

Kuna jambo jingine kwenye hiyo chupa ambalo linagusa mfuko wako. Mvuke ukigeuka maji unaacha joto pale ulipotua, na si joto dogo: kila gramu inaacha zaidi ya jouli 2,400. Kijiko kimoja cha chai cha jasho kikijikusanya juu ya kopo la soda la mililita 350, joto lake linatosha kuipasha soda hiyo karibu nyuzi 8. Mwaka 2013 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Dale Durran na Dargan Frierson, waliandika kuhusu jambo hili hili la kopo la kinywaji baridi: kwenye hewa ya joto na unyevu mwingi, jasho linaweza kulipasha kopo kuliko hewa yenyewe inavyolipasha. Ndiyo maana soda ya kaunta Machi inapoteza ubaridi kabla hujamaliza kusalimiana na watu.

AC yako inapigana na joto hilohilo. Kila lita unayoiona ikitoka kwenye mpira wa kumwagia maji nje imeilazimu AC kuondoa joto la karibu uniti 0.7, na kwa AC nzuri hiyo ni kama robo ya uniti ya umeme. Robo uniti si kitu, utasema, ila AC ndogo ya chumbani kwenye hewa kama yetu inaweza kutoa lita moja mpaka mbili kwa saa ikiwa dirisha liko wazi au mlango unaachia hewa chini. Watu wawili waliolala nao wanaongeza zaidi ya nusu lita kwa usiku kwa pumzi na jasho lao. Tena mashine yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya unyevu. Mwaka 1902 kijana mhandisi, Willis Carrier, aliitwa kusaidia kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu hadi rangi zikawa hazikai mahali pake. Alipitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili ikauke. Starehe ya kulala ilikuja baadaye.

Haya, tupande darini kwako.

Kipande cha AC cha ndani na kile cha nje vimeunganishwa na mabomba mawili ya shaba, moja nene, moja jembamba. Kwenye AC nyingi ndogo za ukutani, kifaa kinachoshusha presha ya gesi kimewekwa kwenye kipande cha nje. Maana yake AC ikiwa inapoza, mabomba yote mawili yanakuja ndani yakiwa ya baridi. Lile nene linaweza kuwa na nyuzi 10 au pungufu. Kuna mafundi waliojifunzia kwenye mitambo ambayo bomba jembamba ni la vuguvugu, basi wanalivisha nene sponji nyeusi na jembamba wanaliacha uchi. Wengine wanayafunga yote mawili ndani ya sponji moja iliyopasuliwa, halafu wanazungushia utepe mweupe ili ipendeze. Wengine wanavisha vizuri mpaka kwenye kiungo nyuma ya AC, pale wanapoacha kiganja kizima cha shaba kikiwa wazi kwa sababu mkono hauingii.

Doa lako ni refu, tena liko mbali na AC yenyewe. Doa la urefu wa mkono ni bomba lililolala. Linalowa usiku kwa kuwa usiku ndipo AC inafanya kazi, linakauka mchana kwa kuwa dari chini ya bati linapata joto kali, na umeme ukikosekana bomba linarudi kwenye joto la chumba na jasho linakoma. Rangi ya chai ni vumbi na karatasi ya jipsamu vinavyoyeyuka na kushuka na maji. Sijapanda kwako, lakini ningeweka dau hapo.

Kuhusu gesi uliyojaziwa, nitasema wazi: kama hakupima presha na hakukuonyesha mahali panapovuja, alikuuzia alichokuwa nacho kwenye gari. Gesi ya AC hailiwi kama mkaa, inazunguka tu. Ikipungua imevuja, na dalili yake ni barafu kwenye mabomba au kwenye mapezi ya ndani pamoja na chumba kutopoa. Wewe hujalalamika kwamba chumba hakipoi. Sisemi haya kwa kujiona. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaza gesi mara mbili kwenye ofisi moja Kinondoni kwa ajili ya dari lililolowa hivihivi, na mara ya tatu ni mlinzi wa pale aliyeniambia, "Fundi, hiyo bomba mbona inalia?" Nililipia jipsamu kutoka mfukoni.

Kabla hujamwita mtu, hakikisha mwenyewe. Chukua penseli, zungushia ukingo wa doa. Usiku mbili lala na pangaboi bila AC. Doa lisipovuka mstari, AC ndiyo mhusika na mwenye nyumba apumzike. Ukiona linalowa alfajiri hata AC ikiwa imezimwa, na madoa ni mengi madogo yaliyotawanyika, hiyo ni hadithi nyingine: bati linapoangalia anga safi usiku linapoteza joto lake hadi kuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka, na upande wake wa chini unatoa jasho linalodondoka kwenye jipsamu. Mtu anaamka anaapa ilinyesha. Maji yakitoka kwenye AC yenyewe, yakichuruzika ukutani, ni mpira wa kutolea maji umeziba kwa ute na vumbi, jambo la kusafisha tu. Na kama unapenda kuweka rimoti 16, upepo ukapiga dari moja kwa moja, jipsamu yenyewe inapoa na hewa nzito ya darini inatoa jasho juu yake. Doa la namna hiyo huwa pana, limetapakaa mbele ya AC, na mara nyingi linaanza na vidoa vyeusi vya kuvu kuliko rangi ya chai.

Dawa ya bomba ipo jikoni kwako. Wali ukikaribia kuiva unapalia makaa juu ya mfuniko. Kwa nini? Mfuniko ukiwa wa moto mvuke hauwezi kutua, kwa hiyo hakuna matone yanayorudi kuulowesha wali, mvuke unatafuta njia ya kutokea na punje zinaachana. Mfuniko wa hotipoti hauna makaa, na ndiyo maana chapati za juu zinakuwa chepechepe usipotandika kitambaa. Sponji ya bomba inafanya kazi ya makaa. Haiondoi maji hewani hata kidogo. Inachofanya ni kuhakikisha uso unaoguswa na hewa unabaki na joto kuliko kiwango cha umande, ule wa baridi ukiwa umefichwa ndani.

Kwa hiyo fundi atakayekuja avishe kila bomba sponji yake, peke yake, kutoka kiungo cha nyuma ya AC hadi linapotokea nje. Kwa dari la bati la Dar milimita 9 ninaziona nyembamba. Mwambie milimita 13, na akipata 19 usimzuie. Iwe ile yenye matundu yaliyofungwa, isiyonyonya maji ukiibana ndani ya ndoo. Viungo vya sponji vigundishwe kwa gundi na utepe wake, kwa sababu upenyo wa kidole unatosha kuingiza mvuke, na ukishaingia ndani unageukia kwenye shaba, sponji inalowa, na sponji iliyolowa haikingi tena. Mpira wa maji nao, ukipita darini, uvishwe: maji yanayopita mle ni ya baridi. Kipande kinachotoka nje juani kifunikwe, jua linaiunguza sponji nyeusi ikabaki maganda.

Upande wako ni mdogo. Weka 25 au 26 na uwashe pangaboi; upepo utakupoza bila kuipoza nyumba. Ziba chini ya mlango. Kwenye rimoti nyingi kuna alama ya tone la maji, hiyo inaifanya AC ikaushe zaidi ya kupoza, nzuri sana kwa usiku wa masika ambao si wa joto kali lakini nguo zinanuka uvundo kabatini. Kabati lenyewe lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani. Kama kuna kuvu, futa kwa jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia.

Friji sasa, kwa kifupi. Hiyo pengine si mbovu. Friji nyingi zina bomba la moto lililozungushwa kwenye fremu ya mlango kwa makusudi, yaani watengenezaji nao wamepalia makaa. Likishindwa, ni ama mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka, au hewa ya jikoni imezidi unyevu. Banisha noti ya elfu moja mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kubisha, mpira umechoka hapo. Uoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uchafu peke yake unatosha kuulegeza. Zungusha noti pande zote nne. Mpira ukiwa mzima, angalia friji imekaa wapi. Kama iko ubavuni mwa jiko ambalo maharage yanachemka saa mbili, umepata mhusika. Isogeze, na iache ipumue nyuma.

Ukishampata fundi wa sponji, asizibe tundu la jipsamu siku hiyohiyo. Liache wazi usiku tatu AC ikifanya kazi, panda na tochi, pitisha tishu kavu chini ya bomba lote, pamoja na kile kiungo cha nyuma. Tishu ikirudi kavu, kata ile jipsamu iliyolainika, weka mpya, ndipo upake rangi. Na mwite mwenye nyumba aje aione tishu hiyo kabla hajanunua bati la tatu.